Alitia Sahihi kwa Mdomo Wake Tu

8 Septemba

Nimepata kazi tena, na safari hii nimeitwa, sikuomba. Mwalimu Bang Hye-rim wa chuo kikuu amenipigia simu mwenyewe. Anataka wanawake sita wa mkoa wetu, Hamgyong Kaskazini, waliovuka mto Tumen wakaja kuishi huku Kusini. Wakae naye Jumamosi moja, wamweleze jinsi wanavyowasiliana na jamaa waliobaki kule. Mimi ndiye wa kuwatafuta, kisha nisikilize kinasa sauti na kuandika kila kilichosemwa, neno kwa neno. Watoto wa Seoul hawatusikii tukizungumza. Tukienda kwa kasi yetu wanadhani tunagombana.

"Sita ni wachache, Mwalimu," nikamwambia. "Mimi Tak Yong-ae nikiita, watakuja hata kumi na sita."

"Sita wanatosha, Mama Tak," akajibu, anacheka.

Sikujisifu bure. Nina miaka kumi na mmoja hapa Incheon. Katika ghorofa hizi za Namdong hakuna mwanamke wa Kaskazini ambaye sijampeleka hospitali au kumfundisha kutumia mashine ya benki. Nikisema njoo, wanakuja.

17 Septemba, Chuseok

Sikukuu ya mavuno, na joto bado la kiangazi. Nimepanga sahani za tambiko kuelekea kaskazini, nimewainamia wazazi wangu hadi paji likagusa sakafu. Jasho mpaka kwenye soksi.

21 Septemba

Nimewapata wote sita. Watano walikubali kabla sijamaliza sentensi. Wa sita ndiye aliyenitoa jasho. Humu nitamwita Kum-ran, ingawa si jina lake. Anakaa ghorofa ya nne, mimi ya sita. Ana miaka arobaini na tisa, anafanya usafi hospitalini, na maneno yake kwa wiki nzima yanaenea kwenye kiganja. Sote tunajua hana mtu kule, si mume si mtoto. Ndivyo alivyotuambia siku aliyofika.

"Sasa mimi nitasema nini, dada?"

"Utakula, utapewa vocha ya duka, utarudi nyumbani. Usipotaka kusema hakuna atakayekuvuta ulimi."

"Kweli?"

"Nakuhakikishia mimi."

Akaniangalia kitambo. "Haya basi, kama ni wewe."

28 Septemba

Nimerudi jioni hii nimechoka kwa kucheka. Tulikutana kwenye ukumbi wa ustawi, chini ya ghorofa zetu. Mwalimu Bang alivaa sweta jeupe, kaleta mapeya yamekatwakatwa, na fomu ya ridhaa kurasa nne kwa kila mtu. Akaisoma yote kwa sauti nzuri, polepole. Mna hiari. Mnaweza kunyamaza. Mnaweza kuondoka wakati wowote. Majina yenu hayatatajwa. Wenzangu wakatikisa vichwa, wakatia sahihi chapuchapu, akina mama sita ndani ya dakika moja. Mwalimu alifurahi sana. Sikutaka kumharibia furaha, lakini sisi tumezaliwa tunatia sahihi. Kule karatasi ikiletwa mbele yako huulizi imeandikwa nini, unauliza utie wapi.

Halafu akapanga viti duara, akakaa nasi, daftari mapajani. "Aanze yeyote anayependa."

Jumamosi, duara, mtu mwenye daftari. Nikaona migongo yote sita inanyooka kwa pamoja, na wangu pia.

Aliyesimama ni Ho Chun-sil, rafiki yangu wa miaka yote, mwenye duka la tambi baridi pale kona. Ulimi wake haujawahi kuwa na mfupa. Alisimama wima, mikono ubavuni, akatoa ile sauti ya kikao. Kule kwetu kila Jumamosi, tangu utotoni hadi uzeeni, unakaa kwenye duara kama lile. Unasimama, unajikosoa kosa lako la wiki, kisha unamgeukia mwenzako mmoja na kumkosoa yeye. Bila kumkosoa mtu hukai chini.

"Wiki hii mimi, Ho Chun-sil, nimelala mchana mara tatu, na supu ya wateja nimeiongeza maji!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwalimu Bang hakuelewa, lakini akacheka naye.

"Na sasa namkosoa mwenzetu Kum-ran! Mwenzetu hana uwazi mbele ya kikundi. Anatuambia hana mtu, kumbe ana binti!" Akaendelea kwa pumzi moja. Akataja binti anafanya kazi gani, anaifanyia wapi, na alama aliyo nayo mwilini. Mambo hayo matatu sitayaandika hata humu. "Tena kule mama mtu ameandikwa amekufa maji! Na marehemu huyu anampigia bintiye simu!"

Tulicheka jamani. Mimi nilicheka kuliko wote, machozi yakanitoka, maana sikuwa nimeisikia sauti ile ya kikao tangu nivuke. Mwalimu Bang akasogeza kiti. "Ameandikwa amekufa?" Macho yalimng'aa. Chun-sil akamweleza kwa raha zake.

Kum-ran naye alitabasamu, mkono mdomoni. Alichukua vocha yake na kuaga kwa adabu.

29 Septemba

Mvua. Nimefua mapazia.

5 Oktoba

Nimesikiliza kinasa sauti siku tatu. Sehemu ile ya Chun-sil nimeirudia mara nane.

Kicheko cha wengine kinapokatika kuna sekunde kumi na moja kabla Mwalimu hajauliza. Nimezihesabu kwa saa ya ukutani. Kiti kimoja kinakwaruza sakafu. Mtu anavuta pumzi kupitia puani kama aliyemwagiwa maji baridi, na anayekaa karibu na kinasa sauti ni Kum-ran. Sauti inayoendelea kucheka juu ya pumzi ile ni yangu.

Nimetoa vifaa masikioni na kukaa jikoni hadi chai ikapoa. Yong-ae wewe, una akili gani? Mtu haandikwi amekufa kwa bahati. Kum-ran alipovuka, bintiye alikwenda kwa wakubwa akalia, akasema mama kachukuliwa na mto. Wakaamini, wakaandika, wakamwacha msichana aishi. Mama akiwa maiti, binti ni yatima wa kuhurumiwa. Mama akiwa Kusini, binti ni mtoto wa msaliti, na atapelekwa kwenye kambi za milimani ambako hatuna habari za waliorudi. Uhai wa mtoto yule umesimama juu ya karatasi moja ya uongo, na Chun-sil ameipasua mbele ya kinasa sauti ili tucheke.

Nami nilimhakikishia.

7 Oktoba

Nimempigia Mwalimu Bang kabla hajafungua kinywa kwa kifungua kinywa.

"Usiwe na wasiwasi, Mama Tak. Jina nimeshaliondoa. Ni Mshiriki wa Nne."

"Jina ni kitu gani, Mwalimu? Kazi yake umeiacha, mahali umepaacha, alama ya mwili umeiacha. Kwa hayo matatu hata mtoto wa shule atamfikia kabla ya mchana."

"Lakini nani kule atasoma makala ya kitaaluma?"

"Wapo watu wanaolipwa mshahara kusoma."

Akasema atafikiria. Akasema pia, kwa upole, kwamba sehemu ile ndiyo moyo wa utafiti wake wote: mama aliyekufa kwenye karatasi, anayelea kwa simu. Ataisoma kwenye kongamano la Seoul tarehe 16 Novemba, na muhtasari utawekwa kwenye mtandao.

Mpaka leo nilimwona mtoto mwenye adabu. Leo nimemwona mwizi mwenye adabu.

12 Oktoba

Kum-ran hapokei simu yangu siku kumi sasa. Nimeteremka ghorofa mbili, nimegonga mpaka jirani akachungulia. Mwishowe akafungua, mnyororo ukiwa bado mlangoni.

"Naomba unisamehe," nikasema.

"Kwa lipi, dada? Sote tulicheka."

"Nitamfuata yule mwalimu. Nitamvunjia mtu meza."

"Usivunje." Sauti yake ilikuwa chini mno. "Ukipiga kelele, watu watauliza kelele za nini. Acha tu. Labda litapita."

"Halitapita lenyewe."

"Wewe ndiye uliyesema nisipotaka kusema sitavutwa ulimi. Sikusema, dada. Sikutoa hata neno moja." Akapepesa macho. "Simu ya kule nimeacha kupiga. Naogopa nikipiga nitakuta anapokea mtu mwingine."

Akafunga mlango taratibu, bila hasira. Afadhali angeubamiza.

13 Oktoba

Sikulala vizuri, basi niandike lile ambalo sijawahi kuandika.

Mimi nimehojiwa mara ishirini na tatu tangu nifike. Televisheni, vyuo, kanisa, wageni wenye mkalimani. Nilijivunia. Tak Yong-ae anajua kusimulia, walisema, na mimi nikawapa vyote: mtaa wetu, rangi ya lango letu, kaka yangu anayetengeneza baiskeli. Hakuna aliyenishurutisha. Kila mmoja aliniletea fomu, na kila mmoja nilimtilia sahihi nikitabasamu. Mwaka wangu wa tatu hapa, kaka aliacha kupokea simu. Dalali aliyekuwa akituunganisha kwa simu akasema nyumba ina watu wengine. Labda kaka aliugua, labda alihamishwa kazi. Labda. Nimeishi na neno hilo miaka minane, na hakuna hata mmoja wa wale ishirini na tatu aliyewahi kurudi kuniuliza, "Mama Tak, lile la baiskeli tuliache au tulifute?"

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Methali nilizijua zote, ila hakuna aliyeniambia kwamba kinasa sauti nacho ni ulimi.

Basi. Kwa kaka yangu nimechelewa, kwa binti wa Kum-ran bado.

19 Oktoba

Kabichi moja imefika bei ya kuku. Wanasema joto limeunguza mashamba ya milimani. Huku Kusini wakikosa kabichi wanatangaza kwenye habari kama vita.

24 Oktoba

Nimekwenda dukani kwa Chun-sil wateja walipopungua. Nilijiandaa kumtukana, nikamkuta anamenya vitunguu na hajui lolote, ananiuliza kwa nini Kum-ran siku hizi hasalimii.

Nikamwambia. Kisu kikasimama.

"Yong-ae, mimi nilikuwa nafanya mzaha."

"Ulitoa siri ya mwenzako mbele ya mashine."

"Lakini ilikuwa kikao! Unajua mwenyewe tulivyokuwa tukifanya." Ndiyo, najua. Kule marafiki hupatana kabla: wewe nikosoe kwa kuchelewa, nami nitakukosoa kwa nywele chafu, tusiumizane, daftari lijae, twende nyumbani. Huo ndio ulikuwa upendo wetu wa Jumamosi. "Nilisahau kupatana naye," Chun-sil akasema. "Nilisimama tu, miguu ikajua kazi yake, mdomo ukajua kazi yake. Nilikuwa sina kosa lake lingine la kusema. Kum-ran hana makosa, ndiyo shida!"

"Ulilijuaje hilo la binti?"

"Aliniambia alipolazwa na homa. Aliniomba nikae naye." Akajipiga kifua kwa ngumi. "Aliniambia mimi peke yangu, halafu mimi nikaenda kumwaga mtama kwenye kuku wengi."

Alilia, na Chun-sil akilia mtaa mzima unajua. Niliingia humo nimshike koo, nikaishia kummenyea vitunguu. Sikupata nafasi ya kumtukana, na sasa hamu imeisha.

2 Novemba

Nimepanda treni saa nzima hadi ofisini kwa Mwalimu Bang. Sikupiga simu kwanza. Chumba chake ni kidogo, vitabu hadi dirishani, kikombe chenye ukoko wa kahawa. Alikuwa amechoka kuliko nilivyotaka awe.

"Umefikiria?" nikamuuliza kabla sijakaa.

"Mama Tak, nimelitazama kila upande. Mshiriki alitia sahihi."

"Alitia sahihi kwa mdomo wake tu. Hakutia kwa mdomo wa Chun-sil."

Akagusa faili juu ya meza. "Kamati ya maadili ya chuo ilipitisha utaratibu wote."

"Kamati imewahi kukaa kwenye duara siku ya Jumamosi?" Nikamweleza. Nilimweleza kikao ni nini, na kwa nini migongo ilinyooka, na kwa nini Chun-sil hakuweza kukaa bila kumtaja mtu. "Uliwauliza wakupe hadithi zao, Mwalimu. Wao walikupa kile wanachompa mtu mwenye daftari. Hukujua, na mimi niliyejua nilikuwa nacheka. Kwa hiyo sisi wawili tuna kosa, na yeye hana."

Akasema mkataba wake chuoni unakwisha Februari. Bila sehemu ile makala haina kitu, na bila makala hana kazi. Alisema bila kujitetea, kama mtu anayeonyesha kidonda. "Mimi si mtu mbaya, Mama Tak."

"Ungekuwa mbaya nisingepanda treni kuja kugombana nawe. Mama yako yuko hai?"

"Yupo. Daegu."

Nikasukuma karatasi na kalamu mbele yake. "Mwandike. Kazi yake, mahali anapoifanyia, na alama yake moja ya mwilini. Jina usiandike, jina tutalificha. Halafu nipe mimi niondoke nayo. Nitakutana na watu njiani, sitasema ni akina nani."

Akacheka kidogo, akachukua kalamu. Akaandika neno la kwanza. Akaandika la pili. Kalamu ikasimama juu ya karatasi, wino ukafanya doa. Alikaa hivyo muda mrefu, nami kwa mara ya kwanza mwaka huu nilinyamaza bila kuambiwa. Kisha akaikunja karatasi ile mara nne na kuitia mfukoni mwake mwenyewe.

"Nifanye nini?" akauliza.

"Usiniulize mimi. Kawaulize wenye maneno."

9 Novemba

Kikao, safari hii cha kwetu, nyumbani kwa Chun-sil, sakafu ya joto, chai ya shayiri. Watano wamekuja. Kum-ran hakuja, na sikumlazimisha. Nilitoa sheria moja: leo hakuna kumkosoa mwenzako. Na wa kwanza kusimama ni mwenye daftari.

Mwalimu Bang alisimama katikati ya akina mama, mikono hajui aiweke wapi.

"Ubavuni, mwanangu," Chun-sil akamwelekeza. "Kidevu juu."

"Mimi, Bang Hye-rim," akaanza, "niliwasomea karatasi na kufikiri kwamba nimewaomba. Nilisikia mtu akiumizwa, nikafurahi kwa sababu ilikuwa hadithi nzuri. Nikaambiwa, nikajifanya sielewi." Akashusha kidevu. "Basi."

"Mfupi mno!" mmoja akasema. "Kule ungerudishwa!" Wakacheka, lakini kwa wema.

Baada ya hapo nilimwita kila mmoja chumba cha ndani, peke yake, mlango umefungwa. Nilimsomea maneno yake mwenyewe, ya mwingine hapana. Hili libaki? Hili lifutwe? Lilichukua saa nne. Mmoja alifuta jina la kijito, mwingine hakufuta kitu, bali aliongeza kwamba mumewe alikuwa mzuri wa sura, liandikwe. Chun-sil alifuta hotuba yake yote, akabakiza supu iliyoongezwa maji.

Halafu tukashuka, mimi na Mwalimu, hadi kwenye mlango wa Kum-ran, ghorofa ya nne. Nikagonga. Hakufungua, lakini taa ilionekana chini ya mlango.

Mwalimu Bang akatoa ukurasa na kukohoa kidogo. "Nitakusomea kutoka hapa, dada, ili usilazimike—"

Nikamziba mdomo kwa mkono wangu. Kweli, nilimziba. Tulikuwa kwenye korido yenye milango kumi! Akaelewa, akawa mwekundu hadi masikioni. Akachuchumaa, akausukuma ukurasa chini ya mlango, na kalamu nyeusi nene nyuma yake.

Tukangoja. Tuliisikia kalamu ikikwaruza upande wa pili, mstari kwa mstari, bila haraka. Ukurasa ukarudi mweusi wote, umelowa wino. Pembeni ameandika: *Na kwenye mashine?*

"Ninayo hapa," Mwalimu akasema kwa sauti ndogo.

Mnyororo ukatoka. Kum-ran alisimama mlangoni na nguo za kazi, na Mwalimu akapiga magoti pale pale kizingitini, kompyuta sakafuni. Akamwonyesha sauti, akaifuta. Akamwonyesha maandishi, akayafuta. Akamwonyesha nakala niliyomtumia, na muhtasari wa kongamano, akafuta aya nzima mbele yake. Mimi nikatoa kile kinasa sauti nilichokuwa nakisikiliza, naye Kum-ran akabonyeza kitufe kwa kidole chake mwenyewe.

"Kuna mahali pengine?" akauliza.

"Kichwani mwangu," Mwalimu Bang akasema. "Hapo siwezi kufuta. Naweza kunyamaza."

Kum-ran akamtazama kama anayepima kitambaa. Akatuaga, akafunga. Nilipanda ghorofa mbili nikihema kama mzee, na nilijisikia mzima kuliko nilivyokuwa tangu joto lianze.

16 Novemba

Kongamano, Seoul. Nimevaa koti la sikukuu na kukaa safu ya kwanza, kusudi anione.

Alipofika sehemu ya nne alisema: mshiriki mmoja amejitoa, na yaliyomhusu sinayo tena. Kisha akaeleza jinsi duara la viti linavyoweza kumfanya mtu aseme ya mwenzake, na jinsi ya kurudi kuuliza. Profesa mmoja mwenye miwani akainua mkono. "Samahani, inaonekana hiyo ndiyo iliyokuwa sehemu ya kuvutia kuliko zote?"

"Ndiyo," akasema. "Si yangu."

Waliopiga makofi si wengi. Mimi nilipiga kwa niaba ya safu nzima. Kama chuo kitamfukuza Februari, Namdong tutampa kazi ya kuosha bakuli, nimeshaongea na Chun-sil.

27 Novemba

Theluji ya kwanza, nyingi ajabu, matawi yamevunjika kwenye bustani. Nilipokuwa nafagia ngazi Kum-ran alipanda kutoka chini, viatu vimelowa, simu mkononi. Alisimama mbele yangu.

"Amepokea," akasema.

Nikaweka ufagio chini.

30 Novemba

Leo tumesindika kabichi za msimu wa baridi kwa chumvi na pilipili, vichwa themanini, kwenye uwanja wa nyuma wa duka. Mwalimu Bang alikuja na glavu zake za mpira na ujuzi wake wa Daegu, akatumwagia pilipili kama anazima moto. Chun-sil akampokonya bakuli.

"We mtoto! Unataka kutuua? Kabichi ya Hamgyong inataka samaki mbichi katikati ya majani, na maji yake yawe meupe unywe kama supu."

"Hiyo haina ukali, dada, ni maji ya kuoshea vyombo!" Mwalimu akabisha.

"Toka hapa! Nenda kakae na Kum-ran, yeye ana subira."

Wakakaa wakitazamana, beseni katikati. Mwalimu Bang akapewa pilipili yake ya Kusini apakae, kwa kumhurumia. Walifanya kazi jani kwa jani. Kisha Kum-ran akaanza kusema, bila kuulizwa, bila kuinua macho.

"Alikuwa na miaka kumi na minne nilipomwacha."

Wote tulipunguza sauti. Alisema kuanzia beseni la kwanza hadi la tatu. Sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Alitaja jina la binti. Alisema kile msichana anachokula akiwa na furaha, alivyomsukuma mama yake majini usiku ule ili asigeuke nyuma, na jambo alilomwambia juzi kwenye simu. Chun-sil alikuwa na michirizi miwili ya machozi mashavuni na hakusema hata neno moja. Hilo peke yake ni muujiza.

Nilimwangalia Mwalimu. Glavu zake zilikuwa nyekundu hadi viwikoni. Mara moja tu macho yake yalikwenda kwenye begi lake lililoning'inia mlangoni, nami nikajua anachokiwaza, maana ile ndiyo iliyokuwa hadithi aliyoitafuta miaka yote. Akachukua kabichi nyingine.

Kum-ran akaona pia. "Mwalimu, huandiki?"

"Hapana, dada. Nakusikiliza tu."

"Haya," Kum-ran akasema, na akasogeza beseni karibu naye. "Basi nitakwambia na lililobaki."

Akamwambia. Nilikuwa pale, nimelisikia lote, na halitaandikwa humu.